Kanga ya bibi na michoro 480

Ukutani kwangu nimebandika bibi watatu. Wote ni mhusika mmoja: bibi aliyeketi juu ya mbuzi anakuna nazi, huku kuku akinyemelea kudokoa kwenye sinia. Filamu nzima ni sekunde 40, nami naichora kwa penseli, karatasi kwa karatasi, juu ya meza ya kioo yenye taa kwa chini. Kazi iliyonikalisha siku mbili ni kuamua ni bibi yupi ataingia kwenye filamu.

Wa kwanza ndiye mzuri kuliko wenzake. Ana makunyanzi, miwani, na kanga ya maua yenye pindo na jina, yaani maandishi ya kanga. Kila anayeingia hapa humchagua yeye. Na ndiye niliyemtoa mapema.

Sinema huenda kwa fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde. Sisi tunaochora kwa mkono, mara nyingi kila mchoro tunaupiga picha mara mbili, hivyo sekunde moja inakula michoro 12. Sekunde 40 ni michoro 480, karibu rimu nzima ya karatasi. Kanga ya bibi yule ina maua 30. Zidisha kwa 480 upate maua 14,400, na hapo kuku hajaota hata unyoya. Mchoro wake mmoja ulinichukua dakika 25. Kwa filamu nzima hizo ni saa 200. Bibi wa tatu huchukua dakika 4: saa 32.

Hata ningekuwa na saa zote hizo, nisingemchukua. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa na mzee mwenye kofia ya vito, ile iliyodariziwa matundu madogo, na kila tundu la kofia nililichora kwa mapenzi. Nilipoichezesha, kofia ilikuwa inachemka kama uji. Mkono wa binadamu haurudii alama ndogo mahali palepale, kwa hiyo alama nyingi ndogo hutetema pamoja, na jicho la mtazamaji hukimbilia huko. Hakuna aliyeuona uso wa mzee wangu. Tangu hapo kila mhusika namchora mara kumi mfululizo bila kutazama mchoro wa kwanza. Kinachobadilika kati ya wa kwanza na wa kumi nakifuta.

Wazee wa kazi hii waliligundua jambo hili zamani. Felix, yule paka wa Marekani aliyeanza kuonekana mwaka 1919, alijazwa weusi mwili mzima kwa sababu umbo lililojaa lilipunguza mistari ya kuchora na lilionekana vizuri likitembea. Mickey Mouse naye alipata glavu nyeupe mwaka 1929. Kabla ya hapo mikono yake myeusi ilipotea kila ilipopita mbele ya mwili wake mweusi.

Kwa hiyo bibi wa pili na wa tatu niliwajaza wino mweusi wote, nikawatazama kutoka mlangoni. Wa pili alikuwa kama gunia. Mikono yake ilikuwa mbele ya tumbo, na kukuna nazi hakukuonekana. Wa tatu nilimgeuza ubavu: mgongo umepinda, mkono umenyooka hadi kwenye meno ya mbuzi, kifuu kinaonekana. Huyo hata bila uso unajua anafanya nini. Miwani niliondoa, maana kichwa kikigeuka lazima uchore upya duara mbili zilizobonyea, na zikikosea kidogo tu bibi anaonekana mgonjwa. Macho ni nukta. Vidole vinne vinatosha.

Kilichonisumbua kweli ni kanga. Kuiacha tupu sikuweza. Kitambaa kitupu ni shuka, na bibi wa pwani hawezi kufungwa shuka. Nimebakiza pindo kama ukanda mmoja mpana, na kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, nimeweka korosho moja kubwa, mgongoni, mahali ambapo kitambaa hakikunjiki sana. Korosho moja mkono wangu unaweza kuirudia.

Na jina? Sekunde 2 za mwanzo bibi ametulia, hajaanza kukuna. Hapo mchoro mmoja unapigwa picha mara 48, kwa hiyo ninaweza kuuchora nitakavyo: maua yote, pindo lote, na maandishi yanayosomeka vizuri, MKONO MTUPU HAULAMBWI. Halafu mkono unaanza kwenda, na maua yanabaki korosho moja. Nimejaribu kuwaonyesha watu watano vipande hivyo viwili vikifuatana. Wote walitazama kifuu.

Kuku ni pembetatu na miguu miwili ya mistari. Bibi ni wa mviringo, kwa hiyo hawatachanganyika hata wakipishana. Kesho naanza mchoro wa pili.