Je, wajua kwa nini ubongo hausahau hofu ya miaka mingi?

Mjini Gulu, bomba la moshi la bodaboda likipiga "paa!", huenda ukamwona mtu mzima amekwisha lala chini kabla hajajua amesikia nini. Bunduki zilinyamaza kaskazini mwa Uganda mwaka 2006. Hofu hiyo imehifadhiwa wapi siku zote hizi, ilhali protini nyingi za ubongo huchakaa na kutengenezwa upya ndani ya siku au wiki chache?

Jibu linalosikika sana ni kwamba hofu kubwa "hubadilisha jeni". Sivyo, na kosa hili lafaa kunyooshwa polepole maana linawakatisha watu tamaa: jeni ikishaharibika, nani atairudisha? Herufi za DNA, yaani A, T, G na C, zinabaki zilivyokuwa kabla ya vita. Kinachobadilika ni jinsi DNA ilivyokunjwa, na kwa hiyo jeni zipi zinasomeka na zipi hazisomeki. Elimu ya mambo hayo ndiyo epijenetiki.

Chukua jora la leso dukani Owino, Kampala. Maneno yamekwisha chapwa kwenye kitambaa, lakini jora likiwa limekazwa kwenye ubao wake huyasomi. Mpaka muuzaji alegeze mikunjo miwili mitatu. Ndani ya chembe hai (seli), ubao huo ni histoni: protini nane zilizoshikana, na DNA yenye jozi 147 za herufi imezizunguka karibu mara moja na theluthi mbili. Mikia ya histoni ina chaji chanya, DNA ina chaji hasi, ndiyo maana zinang'ang'aniana. Kimeng'enya kikibandika asetili, kikundi kidogo cha kemikali, kwenye mkia, chaji ile chanya inapotea, mshiko unalegea, jeni inasomeka. Vimeng'enya vingine, jamii ya HDAC, huibandua asetili na kulikaza jora tena. Alama ya pili ni methili, kikundi kingine kidogo cha kemikali, inayobandikwa juu ya herufi C yenyewe kama pini inayobana mkunjo. Mara nyingi huzima jeni, ingawa si kila mara. Ukiichomoa pini, maneno ni yaleyale.

Mwaka 2007, Courtney Miller na David Sweatt wa Alabama, Marekani, walionyesha jambo hili kwa panya. Panya anawekwa kwenye sanduku geni na kupigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Akirudishwa humo kesho yake anaganda kama jiwe, na muda anaoganda ndio kipimo cha hofu yake. Ndani ya saa moja baada ya shoti, kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunga kumbukumbu mpya, jeni ya PP1, ambayo ni breki ya kumbukumbu, ilikuwa imeongezewa methili. Jeni ya rilini, inayoisaidia kumbukumbu, ilikuwa imepunguziwa. Walipokizuia kimeng'enya kinachobandika methili, hofu haikushika.

Cha kushangaza ni kilichofuata. Baada ya siku moja alama hizo zilikuwa zimerudi katika hali ya kawaida, na panya bado anaogopa! Kwa hiyo, hapo hipokampasi, alama siyo kumbukumbu yenyewe. Inalegeza jora kwa muda tu, protini zitengenezwe na viungio vya neva viimarike. Mwaka 2010 Miller, Sweatt na wenzao walikuta methili kwenye jeni ya kalsinyurini, nayo breki ya kumbukumbu, safari hii katika gamba la mbele la ubongo, na hiyo ilikuwepo hata baada ya siku 30. Hofu ilikuwa imehama nyumba.

Hofu iliyozeeka ni ngumu kuizima. Mwaka 2014 kikundi cha mtafiti Li-Huei Tsai, wa chuo cha MIT, Marekani, kiliwarudisha panya sandukuni mara nyingi bila shoti. Hofu ya siku moja ilififia, ya siku 30 ikakataa, kwani HDAC2, mmojawapo wa vimeng'enya vile vya HDAC, ilibaki imelikaza jora. Walipoongeza dawa ya kuzuia HDAC, na kuwarudisha sandukuni kukaendelea, hofu ile kongwe nayo ikapungua.

Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba, maana ubongo wa mtu aliye hai haukatwi. Utafiti wa 2014 juu ya manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ulitumia mate. Wanaume wenye methili zaidi kwenye jeni ya kipokezi cha kotisoli, homoni ya msongo, walikuwa na kumbukumbu chache zinazowavamia. Kwa wanawake uhusiano huo haukuonekana. Na mate siyo ubongo.

Tiba ya hofu iliyojaribiwa kambini Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na matokeo yake kuchapishwa 2008, haikuhitaji dawa. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa. Katika tiba hiyo kamba hulazwa chini kuwa mstari wa maisha: jiwe kwa kila tukio baya, ua kwa kila jema, kisha mtu anasimulia kwa mpangilio tangu kuzaliwa. Kipande cha mwisho cha kamba huachwa kimeviringishwa, kwa miaka ambayo haijafika.