Kutunga wimbo kwa gitaa: yanayoaminiwa na ukweli wake

Tabora, mji uliotoa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, haujakosa vijana wenye gitaa. Pita Ng'ambo au Isevya jioni, au panda treni ushukie Kigoma uende Mwanga na Ujiji, utasikia nyuzi zikicharazwa vibarazani. Wengi wanapiga vizuri sana nyimbo za wenzao. Wakifika kwenye kutunga za kwao wanakwama, na mara nyingi kinachowakwamisha si vidole, ni mambo waliyoyasikia kwa watu wakayashika kama sheria.

"Mpaka ujue kodi nyingi"

Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja, na tatu zinatosha wimbo mzima. Aliyepitia kwaya atazielewa haraka akiziita kwa do-re-mi: kodi ya do, ya fa na ya so. Ukiwa kwenye C, hizo ni C, F na G. Ukiwa kwenye G, ni G, C na D. Ukitaka wimbo uwe na simanzi kidogo, ongeza kodi ya la: Am kwenye C, Em kwenye G.

Kinachoutofautisha wimbo mmoja na mwingine ni muda ambao kila kodi inakaa. Chukua vipimo vinne, kila kimoja mapigo manne. Kaa C vipimo viwili, F kimoja, G kimoja. Sikio linatulia, halafu linavutwa lirudi mwanzo. Sasa anza na F vipimo viwili, C kimoja, G kimoja. Kodi ni zilezile, lakini wimbo umeanzia njiani, kama mtu uliyemkuta tayari anaongea. Anayebadili kodi kila neno hampi msikilizaji nafasi ya kuhisi lolote, na yeye mwenyewe anajikuta anaimba akikimbizana na mkono wake wa kushoto.

Kujua kodi ipi ikae chini ya sauti ipi hakuhitaji kubahatisha. C ina do, mi na so. F ina fa, la na do. G ina so, ti na re. Angalia noti inayoangukia pigo la kwanza la kipimo. Ikiwa mi, weka C. Ikiwa la, weka F. Ikiwa re au ti, weka G. Do inakubali C au F, so inakubali C au G, na hapo ndipo unapochagua kwa sikio lako. Noti zinazopita katikati ya mapigo zisikusumbue. Ile ya pigo la kwanza ndiyo ikigombana na kodi, kila mtu anasikia.

"Maneno yoyote yataingia, ukiyavuta yanakaa"

Hapa ndipo nyimbo nyingi za gitaa zinapoharibikia, na ndipo pa kukaa zaidi.

Kiswahili kina mkazo wake, karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Muziki nao una mapigo yenye nguvu. Viwili hivi vikikutana, neno linaeleweka papo hapo. Vikipishana, msikilizaji anabaki anauliza umesema nini. Mfano mkali ni "barabara". Ukiweka mkazo kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Ukiuweka kwenye ya pili, maana yake ni sawasawa kabisa. Mtunzi akiliangusha pigo kwenye silabi isiyo yake, amebadilisha neno bila kujua.

Tuna bahati kwamba ushairi wetu ulishalifanyia kazi jambo hili. Mstari wa shairi la kawaida una mizani (silabi) 16, nane kwenye ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane kwenye utao, nusu ya pili. Kipimo cha mapigo manne kikigawanywa nusu nusu kinatoa nafasi nane hasa. Hesabu: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Sasa weka mstari huu:

*Treni yaondoka leo, kituoni nimebaki*

Tre (moja) ni (na) ya (mbili) o (na) ndo (tatu) ka (na) le (nne) o (na). Mikazo yote mitatu, tre, ndo na le, imeangukia kwenye pigo. Utao pia: ki-tu-o-ni unapiga kwenye mbili, ni-me-ba-ki kwenye nne. Piga makofi ukiutamka, utaona unajiimba wenyewe hata kabla ya kushika gitaa.

Tuseme mstari wa pili unataka kuanza na *Nayatazama machweo*. Mizani ni nane, kina cha -eo kipo, kwenye daftari hauna kosa. Uimbe sasa. Silabi ya "za", yenye mkazo, imeangukia kwenye "na" ya kuhesabu, na "ta" imekaa juu ya pigo la pili. Linalosikika ni "naya-TA-zama", na ulimi unajikwaa hapohapo kila unapourudia. Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kubadili maneno: *Macho yangu kwa machweo*. Mikazo inarudi kwenye moja, mbili na nne. Ya pili ni kuacha maneno na kusogeza mahadhi: imba silabi "na" nusu pigo kabla ya moja, "ya" juu ya moja, "za" juu ya mbili, kisha vuta "ma" ipite juu ya pigo la tatu, na "chwe" itue kwenye nne. Njia hii ya pili mara nyingi huzaa melodi nzuri zaidi, kwa sababu ule mvuto wa katikati unaupa mstari pumzi.

Mengine yanayowaponyoka watu ni haya. "M" ya mto, mji na mtu ni mizani nzima, na kwa kuwa maneno hayo yana silabi mbili, mkazo uko juu ya hiyo "m" yenyewe. Ipe noti yake. Funga midomo, iimbe. "Kaa" ni mizani mbili. Na majina ya miji yetu hayaanzi juu ya pigo: ni Ta-bo-ra, Ki-go-ma. Ukifungua wimbo kwa jina la mji, silabi ya kwanza itangulie pigo, ya pili ndiyo itue.

Tatizo moja la mizani 16 zikipangwa nusu pigo kila moja ni kwamba mwimbaji hana pa kuvutia pumzi. Kwa hiyo tandaza mstari kwenye vipimo vinne: ukwapi kwenye kipimo cha kwanza, gitaa lijibu kwenye cha pili, utao kwenye cha tatu, gitaa lijibu tena. Jibu hilo si la kujaza nafasi. Rudia kwenye uzi wa kwanza au wa pili (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa) noti tatu za mwisho alizoimba mtu, na wimbo utaanza kuongea na wewe.

"Lazima maneno yatangulie"

Au lazima gitaa litangulie. Utasikia yote mawili, kila mmoja akiapa. Hakuna mpangilio wa lazima. Maneno yakikataa, zungusha kodi mbili kwa dakika tano ukiimba "la la" tupu, simu ikirekodi. Sikiliza kesho yake, si papo hapo. Sehemu unayoikumbuka bila kuicheza tena, hiyo shika. Hesabu ina silabi ngapi, tia alama zenye nguvu, ndipo utafute maneno yanayolingana. Kabla ya kurekodi, tuni gitaa kwa programu ya simu kwenye A ya 440. Asiyefanya hivyo hurekodi ubeti Jumatatu na kibwagizo Alhamisi, halafu anakuta vipande viwili haviungani kwa kuwa gitaa lilikuwa limeshuka.

"Imba pale vidole vinapopaweza"

Huu ni mtego. Mtu anajua kodi za G, basi kila wimbo anautunga G, na kibwagizo kinampandisha mpaka anapiga kelele. Tafuta kwanza noti ya chini kabisa ya melodi yako na ya juu kabisa. Imba zote mbili kwa sauti ya kawaida, asubuhi na jioni. Ya juu ikikukaba, shusha ufunguo, yaani ile do unayoanzia, iwe C, G au nyingine. Ya chini ikipotea, pandisha. Kapo, kibanio kinachofungwa juu ya nyuzi shingoni mwa gitaa, inarahisisha: kila freti (kijichuma cha shingoni) moja ni nusu toni, kwa hiyo maumbo ya C ukiweka kapo freti ya 2 yanatoa D, na freti ya 4 yanatoa E. Wapo wanaoidharau kapo kama kitu cha wanaojifunza. Kapo inatunza sauti ya nyuzi zinazopigwa wazi, na hiyo huipati kwa kodi za kubana, zile ambazo kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote.

Ubeti ukae chini, kibwagizo kipande. Ukianza ubeti kwenye noti yako ya juu kabisa, hutakuwa na pa kwenda.

"Gitaa moja bila bendi halitoi dansi"

Bendi ya dansi inagawana kazi: besi, rithim, solo na solo ya pili. Ukiwa peke yako unabeba mbili kwa wakati mmoja, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Katanga, watu walilithibitisha zamani. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mjini Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na unasikia kama wako wawili.

Anza polepole. Shika C. Dole gumba lipige uzi wa 5 kwenye moja na tatu, uzi wa 4 kwenye mbili na nne, bila kusimama. Kidole cha shahada kiingie kwenye "na" peke yake, uzi wa 2 kisha wa 1. Kwa F usihangaike na kodi ya kubana: uzi wa 4 freti ya 3, uzi wa 3 freti ya 2, nyuzi mbili za mwisho freti ya 1, na gumba lizunguke uzi wa 4 na wa 3. Kinachoharibika kwa wengi ni gumba kusita kodi inapobadilika. Mwendo ukikushinda, upunguze mpaka gumba lisisite tena, kisha ongeza kidogo kidogo. Ukianza kuimba juu yake, litasita upya; hiyo ni kawaida, rudi kwenye "la la" kabla ya maneno.

"Sebene ni kuongeza kasi"

Sebene ni ile sehemu ya wimbo wa dansi inayoachiwa magitaa na wachezaji. Ukilinganisha mwendo wa mapigo kabla yake na baada ya kuanza, mara nyingi umebaki uleule au umepanda kidogo. Kilichobadilika ni kwamba maneno yamepungua, kodi zinazunguka ndani ya muda mfupi, na gitaa la juu limeshika kipande kifupi kinachojirudia. Kitunge kwenye nyuzi tatu za juu, ukihesabu kutoka uzi wa 3 kwenda wa 1: C ni freti 5-5-3, F ni 5-6-5, G ni 7-8-7. Mkono unasogea kidogo sana. Vunja kila umbo noti moja moja, piga vipimo viwili, urudie mara nane bila kubadili kitu. Mkono utataka kupamba mapema. Uzuie. Mchezaji anahitaji kukizoea kipande kwanza, ndipo badiliko dogo la noti moja limwinue.

"Gitaa la bei rahisi haliwezi kutungiwa"

Linaweza, ukijua linapodanganya. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, usikie ile sauti ya kengele. Kisha bonyeza palepale upige. Sauti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, kodi za huko juu hazitalingana hata utuni vipi. Tungia kwenye freti tano za mwanzo mpaka fundi alirekebishe. Nyuzi zikiwa juu ya freti ya 12 kwa zaidi ya milimita 3, vidole vitauma kabla wimbo haujaja. Kiangazi cha Tabora hukausha mbao na kuisogeza shingo ya gitaa, kwa hiyo pima upya mvua zinapoanza.

"Kodi zikifanana na za wimbo wa mtu, umeiba"

C, F na G kwa mpangilio wowote si mali ya mtu. Kinacholindwa ni melodi na maneno, na wanaosema "badilisha noti chache uko salama" wanawapotosha watu vibaya. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, wimbo wako unalindwa tangu ulipoutunga, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hakukupi hiyo haki, kunakupa ushahidi. Kwa hiyo ile rekodi ya kwanza ya simu yenye "la la", hata kama ina kelele za jogoo, usiifute. Itume kwenye barua pepe yako mwenyewe siku hiyohiyo, na kwenye daftari andika tarehe, ufunguo na freti ya kapo.