Barua za Dickens kwa Bi Angela Burdett-Coutts: dhana potofu na ukweli

Dhana: Katika kazi yao ya kusaidia maskini, mwandishi wa riwaya Charles Dickens alitoa akili, Bi Angela akatoa pesa.

Pesa zilikuwepo kweli: mwaka 1837 alirithi takriban pauni milioni 1.8 za ukoo wa mabenki wa Coutts. Lakini dhana hii inatokana na kusikiliza upande mmoja. Septemba 1860 Dickens alichoma rundo la barua alizoandikiwa na watu kwa miaka mingi. Bi Angela alizihifadhi zile alizoandikiwa na Dickens. Ndiyo maana kila mabishano yao tunayasoma kwa kalamu ya Dickens. Hata hivyo, humo humo anaonekana akibembeleza: yeye alitaka wasichana wa Urania Cottage, nyumba yao ya kuwasaidia wasichana, wavae rangi za kuchangamka na wawe na tumaini la kuolewa ng'ambo, mfadhili hakupendezwa. Anayebembeleza si mwenye kauli ya mwisho.

Dhana: Urania Cottage ilikuwa gereza lililopakwa rangi.

Nyumba hiyo ilifunguliwa Shepherd's Bush, London, Novemba 1847, kwa wasichana waliotoka magerezani na mitaani. Dickens alikuwa ameipendekeza kwa barua ndefu ya Mei 1846. Lango lilifungwa kwa ufunguo, hilo halina ubishi. Kilichoitofautisha ni daftari la alama. Kila siku msichana alipimwa katika mambo tisa, yakiwemo bidii, kuzuia hasira, usafi na kubana matumizi. Mwenendo mzuri ulipata 3, wa kupigiwa mfano 4. Kusema ukweli na kujiepusha na ulevi vilipata 2 tu kwa kawaida, kwa kuwa ndani ya nyumba vishawishi vya kukosea hapo vilikuwa vichache. Kosa kubwa liliandikwa kwa wino mwekundu na kufuta alama 40.

Piga hesabu: siku njema ya kawaida ilileta alama 25, kwa hiyo wino mwekundu mmoja ulimeza zaidi ya siku moja na nusu. Alama 1,000, yaani siku 40 hivi, zilikuwa na thamani ya shilingi 6 na peni 6. Fedha hiyo hakupewa mkononi. Ilisubiri mpaka asafiri kuhamia ng'ambo, imsaidie siku za kwanza baada ya kushuka melini. Mfumo wenyewe haukuwa wa Dickens. Aliuazima kwa Alexander Maconochie, aliyeujaribu alipokuwa msimamizi wa wafungwa wa Kisiwa cha Norfolk, mashariki mwa Australia.

Dhana: Kila aliyemwandikia Bi Angela kuomba msaada alipewa.

Maombi mengi yalipitia kwa Dickens kwanza, naye aliulizia habari za mwombaji kabla ya kushauri. Matapeli wa barua aliwajua vizuri. Wengi walimwandikia yeye mwenyewe.

Dhana: Wasichana wote wa Urania Cottage waliongoka.

Katika makala ya 1853, isiyotaja jina lake wala la Bi Angela, Dickens alihesabu 30 waliopata kazi nzuri Australia na kwingineko, 7 kati yao wakiwa wameolewa. Watatu walirudia mambo ya zamani wakiwa bado baharini. Wengine walitoroka, walifukuzwa, au waliomba kuondoka.