Kutafuna kukishindikana ni kawaida, kumeza kukishindikana ni hospitali

Maswali haya sisi tunaotibu meno tunaulizwa kila wiki na watu waliotoka kung'olewa gego, kukatwa fizi au kutumbuliwa jipu la jino. Mengi ni ya jikoni: nile nini, nisile nini, lini nirudi kwenye chapati. Nitayajibu. Ila liko jibu moja nitalirudia mpaka mchoke nalo: baada ya upasuaji wa kinywa, kushindwa kutafuna tunakutegemea. Kushindwa kumeza hatukutegemei hata kidogo.

Swali: Upasuaji wa kinywa ni upi? Mimi nimeng'oa jino tu.

Kung'oa jino nako ni upasuaji. Popote fizi ilipokatwa, mfupa ulipoguswa au nyuzi zilipotiwa, pana kidonda. Damu huganda juu yake, na bonge hilo ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Karibu kila tunachokukataza kula ni kwa ajili ya kulilinda bonge hilo.

Swali: Nianze kula saa ngapi?

Ganzi ikishatoka. Huchukua saa kadhaa, na kabla ya hapo utajing'ata ulimi au shavu bila kujua. Watoto ndio wanaoumia zaidi: wanautafuna mdomo wa chini kwa kuona mchezo, jioni umevimba, mama anatuletea akisema sindano imemdhuru. Hakuna sindano iliyomdhuru, ni meno yake mwenyewe. Pamba uliyopewa iume kwa dakika 30 hadi 45 bila ya kuitoa kila mara kuchungulia, halafu itupe. Saa 24 za mwanzo chakula kiwe cha baridi au vuguvugu. Chai ya moto na kahawa ya barazani vitakungoja, joto hufungua damu upya.

Swali: Siku tatu za mwanzo nile nini hasa?

Watu wananiuliza hili kwa huzuni, kana kwamba visiwa hivi vya Unguja na Pemba havina chakula laini. Tuna uji wa mchele wa tui la nazi, uliopikwa mpaka punje zimepotea. Tuna bokoboko, ambayo kwa kidonda cha kinywa sijui chakula kinachoishinda, maana ngano na nyama zimeshapondwa pamoja na mtu anapata nguvu na protini kwa kijiko kimoja. Iache ipoe tu, na usimwagie vitunguu vya kukaanga juu yake. Choroko za nazi zilizorojeka zinafaa. Mbaazi zinafaa pia ukiziponda na kuchuja maganda. Mashelisheli, viazi vitamu, majimbi na ndizi za nazi, vyote hivi vipike mpaka viwe laini kabisa, uviponde kwa uma.

Samaki asikose, maana kidonda kinajengwa kwa protini. Mchemshe nguru au kolekole, mchambue kwa vidole mpaka una hakika hana mwiba, kisha mrudishe kwenye supu iliyochujwa. Dagaa waache wiki hii kwa sababu ya miiba. Mayai ya kuvuruga, maziwa, mtindi, parachichi, papai bivu, tende zilizolowekwa kwenye maziwa na kupondwa, vyote vinashuka bila ya taabu. Kula upande usio na kidonda, kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku.

Swali: Urojo je? Nao si laini?

Mchuzi wake ndio laini. Ndani yake mna bajia, kachori na chipsi za muhogo zilizokaangwa mpaka zikawa kavu, na vipande vyake vina ncha. Juu yake ukatiwa pilipili, embe mbichi na ndimu. Chembe za muhogo zinaingia kwenye shimo la jino, pilipili inafanya kazi yake, na wewe unaanza kunyonya kwa ulimi ili uzitoe. Ukinyonya, bonge la damu linatoka. Usile urojo. Na usiniambie umeagiza "usio na vitu vingi", nimeshausikia huo.

Halua nayo ni laini, na wageni wanaokuja kukujulia hali hupenda kuileta. Inanata kwenye nyuzi na sukari yake inabaki hapo usiku kucha. Washukuruni, wape watoto.

Swali: Dafu naruhusiwa?

Sana. Maji yake na nyama yake ile changa ya kukomba kwa kijiko. Mimina kwenye gilasi unywe. Mrija hapana, kwa wiki nzima, wala barafu za mfuko za kunyonya. Tatizo ni kule kunyonya, kunakovuta bonge la damu nje ya shimo. (Aliyevunjika taya kwa ajali ya pikipiki akafungwa waya ana maelekezo yake mengine, na mrija anaweza kuruhusiwa. Huyo amsikilize aliyemfunga.)

Swali: Bibi amenipa maji ya moto ya chumvi nisukutue siku ile ile, na unga wa karafuu niweke kwenye shimo.

Mheshimu bibi, lakini subiri. Siku ya kwanza hakuna kusukutua wala kutema kwa nguvu. Mate yameze au yaache yadondoke. Baada ya saa 24, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye gilasi ya maji ya vuguvugu, uyazungushe taratibu kila baada ya kula, kisha uyaache yatoke yenyewe.

Karafuu najua niko Pemba ninapoisema. Mafuta yake tunayatumia hata sisi kwenye dawa za meno, kwa kipimo. Lakini unga uliosagwa kinuni na kushindiliwa kwenye kidonda kibichi ni uchafu ndani ya kidonda. Unachoma fizi na unaoza humo. Tunapousafisha mgonjwa analia, na sisi hatufurahi.

Swali: Nimeambiwa nikae na chai ya rangi tu mpaka kidonda kikauke.

Nani kakwambia? Kidonda cha mtu mwenye njaa kinachelewa kupona. Kwa mwenye kisukari hali ni mbaya zaidi: anachoma insulini yake au anakunywa vidonge vyake kama kawaida, halafu hali chochote, sukari inashuka. Anatetemeka, anatoka jasho, anaongea visivyo. Mwingine anaacha kula na dawa anaacha pia, sukari inapanda, kidonda kinaoza. Kula. Pima sukari ikiwa una kipimo, uji usiujaze sukari, na dawa ya presha au ya kulainisha damu usiiache kwa uamuzi wako.

Swali: Mama alitolewa gego la chini juzi. Leo hawezi kumeza hata uji. Tunampa maji kwa kijiko, tunaona ni kawaida ya kidonda.

Si kawaida. Mpelekeni hospitali leo.

Aliyetolewa gego la mwisho anaweza kusikia koo linamuuma kidogo anapomeza, siku ya kwanza na ya pili. Taya linaweza kukaza. Uvimbe wa shavu unaweza kuongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu kisha ukaanza kupungua. Lakini uji unashuka. Maji yanashuka. Mate yake anayameza. Siku ambayo uji haushuki, kilichobadilika ni njia ya chakula, na njia ya hewa iko jirani yake pale pale.

Usaha wa jino la chini hautoki nje kila mara. Unaweza kushuka chini ya ulimi na chini ya taya, ukaenea pande zote mbili za shingo. Ulimi unasukumwa juu na nyuma. Mgonjwa mate yanamtiririka kwa sababu hawezi kuyameza, anaongea kama ana tonge mdomoni, hataki kulala chali kwa kuwa akilala anakosa pumzi. Hali hii inaweza kwenda kwa saa, si kwa siku. Ndiyo maana nasema leo. Sisemi kesho asubuhi, wala baada ya sala ya Ijumaa, wala mpaka kaka arudi kutoka Unguja.

Swali: Shingo imevimba lakini tunamkanda kwa maji moto, na tumemnunulia vidonge dukani. Tuangalie siku mbili?

Msiangalie. Mnarudia swali la juu na jibu ni lile lile. Uvimbe ulioshuka chini ya taya ukawa mgumu, pamoja na homa, au kinywa kinachozidi kufunga siku baada ya siku, au kumeza kulikoshindikana, hauondoki kwa kukandwa. Vidonge vitatu vya antibayotiki vya kununua kwa hesabu ya mfukoni haviondoi usaha uliojaa. Unahitaji kufunguliwa utoke, na dawa zipite kwenye mshipa. Tunaowapokea wakiwa katika hali mbaya karibu wote wana hadithi hii moja: walikandwa nyumbani, wakanunuliwa vidonge, wakapewa maji kwa kijiko, na watu wa nyumbani wakafarijiana kwamba leo angalau kalala. Hakulala. Alichoka.

Swali: Maumivu yangu yalikuwa yamepoa, siku ya tatu yamerudi makali mpaka sikioni. Kumeza nameza.

Basi wewe pengine bonge la damu limetoka na mfupa uko wazi. Mara nyingi hutokea kati ya siku ya pili na ya nne, na harufu ya kinywa hubadilika. Haitishi maisha, ila inauma kuliko jino lenyewe. Rudi ulikong'oa, watakusafisha na kukuwekea dawa, na nafuu huja haraka. Usijiwekee aspirini kwenye fizi, inaunguza. Na usiimeze kwa maumivu haya bila ya kuambiwa na daktari, kwani inazidisha kutoka damu.

Swali: Sigara na tambuu?

Hapana. Tumbaku ya kuvuta inanyonya bonge na inapunguza damu inayokwenda kwenye kidonda. Ile ya kuweka mdomoni inakaa juu ya kidonda chenyewe, na popoo ni gumu. Najua hutaniahidi kuacha kabisa, basi kaa nayo mbali angalau siku hizi.

Swali: Ni Ramadhani na jino limevimba. Nisubiri Idd?

Jino lisilo na uvimbe wala homa linaweza kupangiwa siku. Lenye uvimbe halisubiri Idd. Mgonjwa ana ruhusa yake ya kula na kulipa siku nyingine, na masuala ya damu kinywani na funga muulize sheikh wako, mimi si wake. Ukifunga siku za mbele, futari ya muhogo wa nazi uliopondwa itakutosha vizuri, na daku usiliache. Mwenye kisukari aje tuzungumze kwanza.

Swali: Lini nile chapati na pweza?

Baada ya siku tatu nne ongeza ubwabwa laini na mkate wa boflo uliolowekwa kwenye maziwa. Baada ya wiki, ikiwa huumwi, jaribu chapati kwa upande mwingine. Pweza, kashata, bisi, njugu na muhogo wa kuchoma viwe vya mwisho, wiki ya pili na kuendelea. Kama una nyuzi, waliokushona watakwambia kama zinayeyuka au zinatolewa.

Swali: Ni usiku, tuko shamba, gari hakuna, na mgonjwa hamezi. Si bora tungoje alfajiri?

Hapana. Mwamsheni jirani mwenye gari au pikipiki, mpigieni sheha, tafuteni usafiri wowote. Kwa Pemba nendeni hospitali iliyo karibu nanyi, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, na kama anahitaji kuvushwa kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, wataamua wao huko. Msipange safari ya boti wenyewe na mtu asiyepumua vizuri. Njiani akae wima au aegemee mbele, msimlaze chali hata akisema amechoka. Msimpe uji, maji wala vidonge kwa nguvu, asije akapaliwa. Mkifika mlangoni semeni maneno haya kwanza, kabla ya jina na kabla ya kadi: "Alitolewa jino, sasa hawezi kumeza."