Likizo ya au pair ni ipi?

Wiki iliyopita mama wa mwanafunzi wangu wa zamani alinionyesha picha kwenye simu yake. Binti yake, niliyemfundisha Kijerumani cha A1, ngazi ya kwanza, hapa Mombasa mwaka jana kabla hajaenda Ujerumani kuwa au pair, amesimama kwenye mchanga wa kisiwa cha Norderney, Bahari ya Kaskazini, koti limejaa upepo. "Mwalimu, mtazame mwanao," akaniambia. "Kashapelekwa likizo. Na hata mwaka hajamaliza!"

Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Mkono wa kulia umebeba ndoo ya plastiki na sepetu ndogo ya njano. Mkono wa kushoto umeng'ang'aniwa na mtoto wa miaka 3 hivi, anayevuta kuelekea majini, nusu yake imekatwa na ukingo wa picha. Begani limening'inia begi, na mdomoni mwa begi linachungulia taulo dogo na chupa ya maji yenye kifuniko cha kunyonyea.

Hiyo si likizo. Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo na wazazi, na maajenti, na mabinti wenyewe, mpaka nimeona bora niandike.

Kwanza au pair ni nani, kwa ufupi. Ni kijana anayekwenda kuishi na familia ya nchi nyingine kwa muda, Ujerumani usiozidi mwaka 1, akisaidia kulea watoto na kufanya kazi nyepesi za nyumbani, naye anapewa chumba, chakula, posho, na nafasi ya kujifunza lugha na maisha ya pale. Jina ni la Kifaransa. Hiyo "au" si yetu ya huyu au yule, hutamkwa "o", na maneno yote mawili kwa pamoja maana yake ni "kwa usawa". Mkataba wa Baraza la Ulaya uliotiwa saini Strasbourg mwaka 1969 ulimweka kwenye kundi lake peke yake: si mwanafunzi, si mfanyakazi, ingawa ana kitu cha huyu na kitu cha yule. Ndiyo maana Ujerumani hapewi mshahara, anapewa posho ya yuro 280 kwa mwezi, na kazi zake zisizidi saa 6 kwa siku wala saa 30 kwa wiki. Wanaomwita yaya wa Ulaya wanakosea, lakini hilo nitaliandikia siku nyingine.

Sasa likizo. Neno letu lenyewe lina akili kuliko tunavyolitumia. Limetoka kwenye kitenzi kulikiza, chenye maana mbili: kumpa mtu ruhusa ya kuacha kazi kwa muda, na kumwachisha mtoto ziwa. Bibi yangu aliijua ile ya pili tu. Kwake, kumlikiza mtoto ni siku zile ambazo mama anajipaka shubiri kifuani, mtoto analia usiku mbili tatu, kisha siku moja mama anaamka kumekucha na hakuna aliyemuita. Zote mbili ni kuachiliwa. Ziweke mbele ya picha ya Norderney. Mtu ambaye mtoto hajamwachia mkono, hajalikizwa.

Wajerumani nao wamefika pale pale kwa njia yao. Likizo ya mtu anayefanya kazi wanaiita Urlaub, na asili yake ni neno la kale lenye maana ya ruhusa, ndugu wa kitenzi erlauben, kuruhusu, ambacho wanafunzi wangu wanakutana nacho mapema. Shujaa wa farasi wa enzi za kati aliyetaka kuondoka ikulu aliomba Urlaub kwa bwana wake kwanza, ndipo akaenda zake. Akaenda zake, hakuandamana na bwana.

Lakini kuna jambo wenzetu wamelitenganisha na sisi tumelimwaga kwenye chungu kimoja. Shule zikifungwa, wao hawasemi Urlaub. Wanasema Ferien, neno la Kilatini lililokuwa la siku za ibada. Sisi tunasema likizo kwa yote mawili, na hapo ndipo mabinti wetu wanapoumia. Jimbo la Nordrhein-Westfalen hufunga shule wiki 6 wakati wa kiangazi. Binti anaandika nyumbani, "Tuko likizo," na nyumbani wanafurahi kwamba amepumzika. Waliofunga ni watoto! Yeye ndio kwanza kazi imemwamkia, maana waliokuwa darasani mpaka mchana sasa wako sebuleni tangu asubuhi, wakiuliza tutafanya nini leo. Saa 30 zile hazipanuki kwa sababu shule imefungwa. Kama asipojua kwamba Ferien si zake, atazitoa saa 45 akidhani ndizo shukrani za mtu aliye likizoni.

Likizo yake mwenyewe iko kwenye mkataba. Kwa mwaka mzima ni wiki 4, na akikaa pungufu ya mwaka ni siku 2 za kazi kwa kila mwezi kamili, posho ikiendelea. Kuhusu safari za pamoja, mwongozo wa Ujerumani umenena waziwazi, nami nawasomesha wanafunzi wangu sehemu hiyo neno kwa neno: safari ya au pair na familia huhesabiwa kuwa likizo yake ikiwa tu hana majukumu huko, au ana madogo yasiyo na uzito, na halazimiki kuwepo. Hilo la mwisho watu hulisahau. Hata kama watoto wamelala na yeye amekaa kibarazani akitazama bahari ya Norderney inavyokupwa mpaka tope linabaki wazi hadi upeo wa macho, kama ameambiwa asitoke, hiyo ni kazi ya kungoja.

Sisemi familia ile ni mbaya. Kumchukua kisiwani badala ya kumwacha peke yake kwenye mji asioujua ni ukarimu, na binti amefurahi, uso wake unaonyesha. Mtu anaweza kufurahi kazini.

Sikukuu ni jambo jingine tena. Neno linasema siku iliyo kuu, halisemi nani anapumzika. Mwanamke yeyote aliyeamka kabla ya alfajiri ya Idd kuchemsha nyama ya pilau analijua hilo. Kule mji wa Köln tarehe 11 Novemba, saa 5 na dakika 11 asubuhi, watu hujaa mjini kufungua msimu wa Karneval, sherehe za mitaani za nyimbo na mavazi ya kujigeuza. Jioni ya siku hiyo hiyo ni zamu ya Mtakatifu Martin: watoto hupita barabarani gizani na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe, zinaning'inia kwenye kijiti, wakiimba. Mwanafunzi wangu mwingine alinisimulia alivyotembea huku amemshika mtoto kifundo cha mkono ili taa isiwagonge wa mbele, na mtoto alipochoka, taa ikahamia mkono wake wa pili, na ule mkate wenye umbo la mtu aliyeshika kiko cha udongo ukaingia mfukoni mwa koti lake, umeshaumwa kichwa. Alisema hajawahi kuona usiku mzuri kama ule tangu afike. Naamini. Utamaduni ndio uliompeleka kule, na hakuna kitabu changu kingemfundisha nyimbo zile. Lakini zilikuwa saa 2 za kazi, na alifanya vyema kuziandika.

Kwa walio Waislamu naongeza hili. Idd haimo kwenye orodha ya sikukuu za serikali ya Ujerumani, kwa hiyo hakuna atakayekukumbusha. Ila mwongozo ule ule unataka au pair apewe nafasi ya kufanya ibada yake, na ya kuhudhuria shughuli za utamaduni na matembezi. Waambie wenyeji wako wiki kadhaa kabla, muafikiane asubuhi ile.

Kinachobaki ni mtoko, nacho kimetoka kwenye kutoka. Anayetoka ni wewe, kwa miguu yako, kwa saa zako. Kila wiki au pair ana siku 1 na nusu ya mapumziko, angalau Jumapili 1 kwa mwezi iwe ndani yake, na jioni 4 zisizo na kazi. Hizo ni zake kila wiki na hazina uhusiano na zile wiki 4. Nasema hivi kwa sababu binti mmoja aliniandikia kwamba mwenyeji wake alitaka Jumamosi 2 alizokwenda Köln zikatwe kwenye likizo. Alikuwa amekutana na wenzake mbele ya kanisa kuu, mlangoni tu pa stesheni ya treni, wakapanda ngazi 533 za mnara, wakatembea kando ya mto Rhein mpaka jioni. Maduka Ulaya ile hufungwa Jumapili, na posho ni ndogo, kwa hiyo mitoko yao mingi ndivyo ilivyo: treni ya mkoa, mkate kutoka nyumbani, na Kiswahili cha kutwa nzima. Nilimwandikia aoneshe mkataba. Jumamosi zake zikarudi.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Basi nikiulizwa nisemeje?"

Sema amesafiri na familia, mama. Ni heshima vilevile, na ni kweli. Likizo yake bado. Ameniambia anaitaka Oktoba, anataka kwenda Paris na wenzake wawili wa darasa la Kijerumani, maana kibali chake cha Ujerumani kinamruhusu kuvuka kwenda Ufaransa bila visa nyingine. Akikutumia picha kutoka huko, mtazame mikono.