Karakana ya mikanda juu ya meza: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Aliyekulia jirani na mashine ya kusaga anaukumbuka mkanda bapa kati ya injini na kinu: ulipiga makofi mchana kutwa, ukayumba kushoto, ukayumba kulia, na haukutoka. Karakana za chuma za Marekani na Uingereza za miaka ya 1900 zilikuwa na mikanda ya aina hiyo kwa makumi. Shafti moja ndefu, yaani fimbo nene ya chuma inayozunguka, ilipita chini ya dari, na kila mashine ilishushiwa mkanda wake kutoka huko juu: ya kukereza, ya kutoboa, ya kuranda chuma. Wapo wanaoijenga karakana hiyo upya juu ya meza kama mfano mdogo, kwa kipimo cha 1:12, yaani urefu umepunguzwa mara 12, na mashine zikazunguka kweli. Kinachowakwamisha mara nyingi si mikono, ni mambo wanayoyaamini kabla hawajaanza.

"Puli lazima iwe na kingo, la sivyo mkanda utaanguka." Hii ndiyo inayotesa wengi. Puli ni gurudumu linalovikwa mkanda. Puli ya mkanda bapa haihitaji kingo, ina tumbo. Katikati imeinuka kidogo tu kuliko pembeni, na mkanda hujipandisha wenyewe juu ya mwinuko huo. Akili inagoma, maana tumezoea vitu kuteremka. Lakini upande wa mkanda ulio kwenye sehemu nene huvutika zaidi, mkanda hupinda kidogo kuelekea huko, na kipande kinachofuata huingia kwenye puli kikiwa kimeshasogea kuelekea juu. Ukifika kileleni, pande zote mbili zinavutika sawa, na mkanda unatulia.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua puli mbili zisizo na tumbo, zungushia moja utepe wa gundi upana mzima, kisha juu yake utepe mwembamba katikati. Vika mkanda, washa, usukume mkanda pembeni kwa ncha ya penseli. Utarudi. Kwa puli ya upana wa milimita 8, mwinuko wa unene wa karatasi moja au mbili unatosha. Ukiweka kingo, mkanda ukiyumba unapanda ukingo, unajikunja, na kutoka unatoka.

"Ukiteleza, kaza." Nilikaza mara tatu kabla ya kusalimu amri. Mkanda uliokazwa sana unaivuta shafti upande, shafti inasugua beringi, na nguvu chache za mota ndogo zinaishia hapo. Mkanda ukilazwa, mafundi wa zamani walipenda upande uliolegea uwe juu: unalala kwa uzito wake na kuikumbatia puli zaidi, na eneo la kushika linaongezeka bila kukaza. Kagua pia maungio. Mkanda wa mfano hukatwa ncha zake kwa mshazari, zikachongwa ziwe nyembamba, ndipo zikagundishwa. Ukiziacha nene utasikia "tik" kila ncha zinapopita kwenye puli, na mashine inaruka kidogo kila mara.

"Kipimo ni 1:12, basi kila kitu gawanya kwa 12." Urefu, ndiyo. Uzito unagawanywa kwa 12 mara 12 mara 12, yaani 1,728. Mashine ya kukereza ya kilo 600 inakuwa na gramu 350 hivi, na mkanda wake unaweza kuing'oa sakafuni kama haikufungwa kwa skrubu. Ngozi ya mkanda halisi wa milimita 5 inapaswa kuwa kama milimita 0.4. Ngozi ya viatu haifai hata kidogo, inakataa kujikunja kwenye puli ndogo. Tafuta ngozi ya glavu au utepe wa kitambaa.

Mwendo, kwa upande wake, haugawanywi kabisa. Shafti ya karakana halisi ilizunguka mara 150 hadi 250 hivi kwa dakika, na ya mfano inapendeza ikizunguka vivyo hivyo. Mota ndogo yenye mizunguko 3,000 ipunguzwe mara 15 ili ifike 200. Ukitaka kupunguza kwa hatua moja kutoka puli ya milimita 6, puli ya pili itakuwa milimita 90, ambayo kwenye karakana yako ni gurudumu la zaidi ya mita moja likining'inia darini. Punguza kwa hatua mbili chini ya meza, mara 3 kisha mara 5, au nunua mota yenye gia zake.

Wengine hudhani shafti ikizunguka basi mashine zote zinazunguka. Hapana: shafti haikusimamishwa kila fundi alipotaka kubadilisha kazi. Juu ya kila mashine kulikuwa na puli mbili zilizobanana, moja imefungwa kwenye shafti fupi ya mashine hiyo na nyingine inazunguka bure. Fundi alivuta mpini, uma wa mbao ukausogeza mkanda kutoka moja hadi nyingine. Mwenye kuhitaji kurudi nyuma alitumia mkanda wa pili uliopishanishwa kama namba nane, unaogeuza mwelekeo. Mfano usio na mipini hiyo, kwangu mimi, ni saa ya ukutani tu.

Na si lazima kuwe na mvuke. Shafti hizo ziliendeshwa na maji, mvuke, injini za gesi, kisha umeme. Viwanda vingi viliondoa injini ya mvuke, vikaweka mota moja kubwa, mikanda ikabaki palepale kwa miaka.

Halafu kuna wanaojenga chumba cheusi kama tanuri, wakiamini ndivyo zamani ilivyokuwa. Mafuta na masizi yalikuwapo, sawa. Lakini fundi asiyeona alama ya kipimo hakerezi kitu, na taa za wakati ule zilikuwa dhaifu. Jengo la Robbins & Lawrence la mwaka 1846 huko Windsor, Vermont, ambalo leo ni makumbusho ya mashine za usahihi, kuta zake zimejaa madirisha safu kwa safu. Toboa madirisha kwanza, ndipo utafute pa kutundika shafti.