Vitaa Vingi Havikuonyeshi Sura ya Mwizi

“Fundi, kamera ya ulinzi ya usiku nimeipata Kariakoo, ina vitaa 36 vya infraredi, boksi limeandikwa mita 40. Njoo unifungie ielekee getini.” Nikiambiwa hivi tena, nitaanza kutoza hela ya kusikiliza.

La haraka kwanza: infraredi ya kamera hizi haihusiani na joto la mwili. Ya joto ni kamera nyingine kabisa, na bei ikitajwa utajua. Hii ya kwetu hubeba tochi yake, inamulika mwanga usioonekana kwa jicho, kisha inaungoja urudi. Mchana kuna kichujio kinachouzuia mwanga huo usiharibu rangi. Giza likiingia kinasogea pembeni, ndiyo ile “tik” unayoisikia magharibi, na picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo ukiona mwizi mwenye shati jeupe usikimbilie kuwatangazia majirani. Vitambaa vingi vyeusi huakisi infraredi vikaonekana vyeupe.

Sasa hiyo mita 40. Inakuambia mwanga unafika wapi, haikuambii utamtambua nani. Kiwango cha Ulaya, EN 62676-4, toleo la 2015, kilitenganisha mambo haya kwa pikseli, yaani nukta zinazojenga picha: kujua tu kwamba kuna mtu, pikseli 25 kwa kila mita ya eneo linaloonekana, kumtambua unayemfahamu, 125, kuthibitisha sura ya usiyemjua, 250. Piga hesabu. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Gawa kwa 250, unapata upana wa mita 7.68. Kwa lenzi ya milimita 2.8, ile inayopendwa kwa sababu inaonyesha uwanja mzima, upana huo unakutana nao mita kama 3 tu kutoka kwenye kamera. Tatu! Na geti lako liko mita 15. Utaona binadamu anaruka ukuta, basi. Polisi wakikuuliza ni nani, utawaonyesha boksi? Getini weka lenzi ya milimita 12, inayoona eneo jembamba lakini inavuta karibu, uwanja uachie kamera nyingine.

Hapo anatokea mjuaji: “Basi nachukua megapikseli 8.” Mchana, sawa bosi. Usiku, ukizibana pikseli hizo zote kwenye sensa ileile ndogo (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga), kila moja inaambulia mwanga kiduchu. Kamera inajitetea kwa kuacha shata, mlango wa kuingiza mwanga, wazi muda mrefu, na anayetembea anaacha ukungu badala ya uso. Mimi nachagua megapikseli 4 kwenye sensa ya inchi 1/1.8, iliyo kubwa zaidi, kabla ya 8 kwenye 1/2.8. Uliza na namba ya F ya lenzi, ambayo ikiwa ndogo tundu la mwanga ni kubwa: F1.0 inapitisha mwanga mara 4 ya F2.0. Ukimuuliza muuzaji hili, mara nyingi anarudi kuhesabu vitaa.

Kuna vitaa vya nanomita 850 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), vyenye wekundu hafifu ukivitazama, na vya 940, ambavyo huvioni, ila sensa nayo inavipata kwa shida na umbali unapungua sana. Nyumbani kwa watu nafunga 850. Lakini kusema kweli, sijaamua mpaka leo kama ule wekundu unamfukuza mwizi au unamwonyesha pa kukwepa.

Usiiweke nyuma ya kioo cha dirisha. Itapiga picha ya vitaa vyake yenyewe. Futa utando wa buibui, maana uzi mmoja mbele ya lenzi unaweza kuifunika picha kwa weupe. Huko Kigamboni na Msasani futa na chumvi ya bahari. Na kamera inayojizima kila ifikapo saa moja usiku haijarogwa: vitaa vikiwaka inakula umeme zaidi, na kwenye waya mrefu mwembamba zile volti 12 hazifiki zote. Badilisha waya kabla hujanunua kamera nyingine.

Dukani, mwambie muuzaji aiwashe, azime taa, mtu apite kwa mwendo wa kawaida. Simamisha picha hapohapo. Ukiiona sura, lipa. Akigoma kuzima taa, Kariakoo haina uhaba wa maduka.